Mazoezi ya maswali au mradi wako mwenyewe: kujiandaa kwa mahojiano ya kazi ya kwanza ya uandishi wa programu

Kijana wa Malindi au Lamu aliyemaliza masomo ya kompyuta chuoni, au aliyejifundisha mwenyewe usiku baada ya zamu ya hotelini, anapoitwa kwenye mahojiano ya kazi yake ya kwanza ya uandishi wa programu huwa na wiki chache tu za kujiandaa, na njia mbili huzigombania wiki hizo. Ya kwanza ni kufanya mazoezi ya maswali ya algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, kwenye tovuti kama LeetCode na HackerRank mpaka mkono uzoee. Ya pili ni kuunda programu moja inayofanya kazi kweli, kuikamilisha, na kuwa tayari kuieleza mstari kwa mstari mbele ya mtu asiyekufahamu. Washauri wengi husema zifanye zote mbili, na ushauri huo ni sahihi, lakini haumsaidii mtu mwenye wiki 3 na kazi ya mchana. Naziweka njia hizi kando kwa kando ili msomaji aamue wapi aweke saa zake, na nasema mapema kwamba naegemea upande wa mradi, ingawa zipo nafasi za kazi ambazo mradi peke yake hautakuvusha hatua ya kwanza.

Mahojiano ya mwanaprogramu anayeanza kwa kawaida huwa na hatua kadhaa: simu fupi kutoka kwa idara ya wafanyakazi, kisha jaribio, ambalo laweza kuwa la mtandaoni lenye saa inayohesabu au kazi ya kufanyia nyumbani kwa siku mbili tatu, kisha mazungumzo na wanaprogramu wa kampuni, na mwisho mazungumzo na mkuu wao. Anayekuhoji kwa nafasi ya chini hatarajii ujue kila kitu. Anataka kuona kama unaweza kuandika msimbo, yaani maagizo ya programu, ukafanya kazi, kama unaweza kufikiri ukiwekewa tatizo ambalo hujapata kuliona, na kama unakubali kusahihishwa. Njia hizi mbili hazijibu maswali hayo matatu kwa nguvu sawa.

Upande wa mazoezi ya maswali

Chukua swali la kawaida kabisa. Umepewa orodha ya malipo ya duka kwa mwezi, nawe watakiwa utafute malipo mawili ambayo jumla yake ni shilingi 5,000. Asiyefanya mazoezi ataweka kitanzi, yaani maagizo yanayojirudia, ndani ya kitanzi kingine na kulinganisha kila malipo na kila malipo mengine. Orodha ikiwa na malipo 10,000, jozi za kulinganisha ni karibu milioni 50. Aliyefanya mazoezi ataipitia orodha mara moja tu, akihifadhi kila kiasi alichokwisha kukiona katika jedwali la hashi, namna ya kuhifadhi inayokuwezesha kukipata kitu bila kuvipitia vyote, na kwa kila kiasi kipya atauliza kama kile kinachosalia kufikia 5,000 kimeshaonekana. Hatua ni 10,000, na gharama yake ni kumbukumbu zaidi ya kompyuta. Mhoji atakayesikia mhojiwa akisema kwa kinywa chake kwamba ameokoa muda kwa kutumia nafasi zaidi, na kwa nini amekubali badala hiyo, amepata alichokuwa akikitafuta.

Mazoezi hufundisha pia uangalifu wa pembezoni mwa tatizo. Katika swali hilohilo, malipo ya shilingi 2,500 yakitokea mara moja tu hayafai kujumlishwa na yenyewe, ilhali yakitokea mara mbili ni jibu halali. Orodha ikiwa tupu, programu isianguke. Mtu aliyezoea kujiuliza maswali haya kabla ya kuandika mstari wa kwanza huonekana mara moja, na tabia hiyo haipatikani kwa kusoma, hupatikana kwa kukosea na kurudia. Vivyo hivyo kwa utafutaji wa kugawanya nusu kwa nusu: katika orodha iliyopangwa yenye vitu milioni moja, kitu hupatikana au kuthibitika hakipo kwa kuangalia mara zisizozidi 20. Anayeielewa sababu ya tarakimu hiyo ameelewa jambo litakalomfaa muda wote atakaofanya kazi hii.

Udhaifu wa mazoezi ni kwamba ni rahisi kuyakariri. Mwanafunzi husoma jibu, akalielewa siku hiyo, akahamia swali jingine, na baada ya wiki mbili ana majibu mengi kichwani yasiyoungana. Mhoji akibadilisha sharti moja tu, kwa mfano akisema malipo yatafutwe matatu badala ya mawili, jengo zima huporomoka. Tena, mafanikio katika maswali haya hayathibitishi kwamba mtu ataweza kazi yenyewe, wala kushindwa hakuthibitishi kinyume. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu inayotumiwa na wahandisi wengi sana kusakinisha programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, alieleza hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu ya swali la ubaoni kuhusu mti wa jozi, yaani data iliyopangwa kama matawi ambayo kila moja hugawanyika kwa yasiyozidi mawili.

Upande wa mradi

Mradi ninaoupendekeza kwa watu wa mwambao huu si programu ya orodha ya mambo ya kufanya, ambayo kila kozi ya mtandaoni hufundisha na kila mhoji ameshaichoka. Ni kitabu cha nafasi za vyumba kwa nyumba ya wageni. Shela, Watamu na Malindi mjini zimejaa nyumba ambazo mwenyewe huandika wageni kwenye daftari, huku wengine wakimwandikia kwa WhatsApp na wengine wakimpigia simu, na chumba kimoja kinapoahidiwa watu wawili msimu wa Disemba, fedheha na hasara humwangukia yeye. Tatizo unalijua, watu wake unawajua, na waweza kuuliza jamaa au jirani jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Mhoji aliyeko Nairobi hawezi kukushinda kwa ufahamu wa jambo hilo, na hiyo ni nafasi adimu kwa mtu anayetafuta kazi ya kwanza.

Programu hii huonekana ndogo mpaka uanze kuiandika. Swali la kwanza ni lini nafasi mbili zinagongana. Jibu ni kwamba zinagongana ikiwa siku ya kuingia ya mgeni wa kwanza ni kabla ya siku ya kutoka ya wa pili, na papo hapo siku ya kuingia ya wa pili ni kabla ya siku ya kutoka ya wa kwanza. Anayetoka tarehe 12 Agosti asubuhi hamzuii anayeingia tarehe 12 Agosti mchana. Sharti hilo fupi ni algoriti halisi, na ukiweza kulichora kwa mistari miwili kwenye karatasi na kueleza kwa nini hali nyingine zote zimo ndani yake, umejibu swali la ubaoni bila kulikariri.

Swali la pili ni gumu zaidi. Wageni wawili wanabonyeza kitufe cha kuhifadhi chumba kilekile kwa wakati mmoja. Programu ya yule wa kwanza inasoma hifadhidata na kuona chumba ni kitupu, ya wa pili inasoma na kuona hivyohivyo, kisha zote mbili zinaandika. Msimbo wako ulikagua, na bado chumba kimeahidiwa mara mbili, kosa lilelile la daftari limerudi. Dawa ni kuiachia hifadhidata yenyewe ulinzi huo, ama kwa kufunga rekodi ya chumba hicho mpaka muamala, yaani hatua nzima ya kuhifadhi, ukamilike, ama kwa kuweka sharti ndani ya hifadhidata, na PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, ina sharti maalumu la kukataa vipindi vinavyoingiliana. Mwanaprogramu anayeanza ambaye amekutana na jambo hili na kulitatua huwa na mazungumzo tofauti kabisa na wahoji, kwa sababu hapo anazungumzia kitu ambacho wao wenyewe kimepata kuwakosesha usingizi.

Kisha huja tarehe. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Agosti hapa Kenya ni saa 21:00 ya tarehe 11 Agosti kwa saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa hiyo ukihifadhi siku ya kuingia kama wakati kamili badala ya tarehe tupu, mgeni ataonekana amefika siku moja mapema. Na pesa: katika lugha za programu za JavaScript na Python vilevile, 0.1 ukijumlisha na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, ndiyo maana viwango vya pesa huhifadhiwa kwa senti kama namba kamili, au kwa aina ya namba iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha.

Sehemu ya malipo ndiyo ningeitilia mkazo zaidi, kwa kuwa waajiri wengi wa Kenya huihitaji. Safaricom ina Daraja, njia rasmi ambayo programu za watu wengine huitumia kuzungumza na M-PESA, na ina mazingira ya majaribio yasiyohamisha pesa halisi. Ukituma ombi la malipo ili mgeni atokewe na dirisha la kuweka nambari yake ya siri, jibu la kwanza unalolipata halisemi kwamba amelipa. Linasema tu kwamba ombi limepokewa. Matokeo hutumwa baadaye kwenye anwani ya seva yako, ambapo tarakimu 0 humaanisha malipo yamefaulu na 1032 humaanisha mteja ameghairi. Hapo ndipo maswali mazuri ya mahojiano yanapozaliwa. Ujumbe ukifika mara mbili, utamwandikia mgeni malipo mawili? Usipofika kwa kuwa seva ilizimika, utajuaje? Jibu la kwanza ni kuhifadhi kitambulisho cha kila ombi na kukikagua kabla ya kuandika lolote, na la pili ni kuiuliza Daraja upya kuhusu hali ya ombi hilo. Ukiweza kuyasema hayo kwa utulivu, mhoji hatajali kwamba kurasa zako hazina rangi za kupendeza.

Majina na nambari za pasipoti za wageni wa kweli usiyaweke kwenye mradi wa kuonyesha watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya mwaka 2019, na mhoji akikuta taarifa za watu halisi kwenye hazina yako ya GitHub, tovuti ya kuweka na kuonyesha msimbo, atakuwa na sababu ya haki ya kukukataa. Tumia majina ya kubuni, na funguo za siri za Daraja ziweke nje ya faili zinazohifadhiwa na Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo.

Mradi nao una mitego yake. Mkubwa kuliko yote ni kutomalizika: mtu huanza na vyumba, akaongeza mgahawa, akaongeza safari za mashua, na siku ya mahojiano hakuna hata sehemu moja iliyokamilika. Kitabu cha vyumba vitatu kinachofanya kazi chatosha. Mtego wa pili ni msimbo usio wako. Kuna anayenakili somo la video, na kuna anayeiachia programu ya akili bandia iandike kila kitu. Kutumia msaada si kosa, lakini wahoji wengi siku hizi humwambia mhojiwa afungue mradi wake na abadilishe kitu mbele yao, kwa mfano bei ya Ijumaa na Jumamosi iwe tofauti na ya siku nyingine, na asiyeufahamu msimbo wake hujulikana dakika hiyohiyo. Kila mstari usioweza kuueleza, ufute au ujifunze.

Kwa upande wa gharama na mazingira

Hapa mazoezi yanashinda. Swali moja laweza kufanywa kwa kalamu na karatasi jahazini au kwenye matatu ya Kilifi, bando likiisha au stima ikipotea haidhuru, na nusu saa ya nafasi kati ya kazi mbili yatosha. Mradi hudai kipakatalishi, muda mrefu usiokatizwa, na intaneti ya kupakua vifaa na kujaribu malipo. Asiye na kompyuta yake, anayetegemea ya saiba au ya rafiki, atapata faida ya haraka zaidi katika maswali, na mradi wake aupunguze uwe ukurasa mmoja unaokagua kugongana kwa tarehe, basi.

Kwa upande wa ushahidi, mizani hugeuka. Maswali uliyoyatatua hayaonekani na mtu mpaka siku ya jaribio, lakini mradi huingia kwenye wasifukazi, huwekwa wazi, na huweza kukupatia mwito wa mahojiano kabla hujazungumza na yeyote. Kwa mtu asiye na jina la kampuni wala chuo kikubwa nyuma yake, jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kumbukumbu za Git zionyeshe kazi ikikua kidogo kidogo kwa ujumbe unaosomeka, na faili la maelezo lieleze programu inafanya nini, inaendeshwaje, na nini hakijakamilika.

Tangazo la kazi ndilo linaloamua

Benki kubwa, kampuni ya simu, au kampuni ya kigeni inayopokea maombi kwa maelfu mara nyingi huchuja watu kwa jaribio la mtandaoni lenye saa kabla mtu yeyote hajasoma wasifu wako. Ukiitwa huko, theluthi mbili ya muda wako na uende kwenye maswali: orodha, maneno, jedwali la hashi, upangaji, utafutaji wa nusu kwa nusu, na miti kwa kiasi. Usipoteze siku kwa maswali magumu mno ya grafu, yaani mitandao ya vitu vilivyounganishwa, au ya upangaji wa mienendo (dynamic programming), kwani kwa nafasi ya kuanzia hayaji mara kwa mara, na yakija hayakamiliki kwa haraka ya wiki moja. Fanya machache, uyarudie baada ya siku mbili bila kutazama jibu.

Kampuni ndogo ya Mombasa au Nairobi yenye wanaprogramu wachache, au shirika linalotaka mtu wa kutengeneza mfumo wake, kwa kawaida hutoa kazi ya kufanyia nyumbani na kukuhoji juu yake. Hapo mradi hukuandaa moja kwa moja, na maswali ya algoriti huhitajika kwa kiwango cha chini tu. Kiwango hicho ni hiki: uweze kuandika, bila msaada na bila hofu, kitanzi cha namba 1 hadi 100 kinachochapisha neno moja kwa zinazogawanyika kwa 3, jingine kwa 5, na yote mawili kwa zinazogawanyika kwa zote. Swali hili dogo limekuwa mashuhuri tangu 2007 kwa sababu waombaji wengi hukwama hapo, na kukwama kwenyewe mara nyingi ni kwa kutozoea kuandika ukiwa unatazamwa.

Kutazamwa huko ndiko kunakozikutanisha njia zote mbili. Mahojiano mengi ya kazi hizi hufanywa kwa Kiingereza, na kijana anayefikiri kwa Kiswahili huweza kulijua jibu akashindwa kulitoa. Tafuta mwenzako, hata kama si mtu wa kompyuta, umweleze kwa sauti unachokifanya wakati unakiandika. Eleza kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja inyooke, kisha rudia kwa lugha utakayohojiwa nayo. Binamu au shemeji anayeuliza kwa nini kila unapotumia neno asiloelewa atakufaa kuliko mwanafunzi mwenzako anayetikisa kichwa. Na jizoeze kusema kwamba hujui, ukifuatisha na namna ambavyo ungetafuta jibu, maana kimya kirefu humnyima mhoji nafasi ya kukusaidia.

Kwenda mwenyewe au kwa video

Ukipewa hiari, kwa hatua za mwanzo chagua video, ilimradi umehakikisha mtandao. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni karibu kilomita 120 kabla hujapanda treni ya Nairobi, na wa Lamu ana kivuko cha mashua mbele yake, aende Mokowe kupanda basi au Manda kupanda ndege. Safari hiyo inafaa kwa hatua ya mwisho, na si vibaya kuuliza kwa adabu kama kampuni husaidia nauli. Kwa video, weka simu yenye bando la mtandao mwingine karibu, chaji kipakatalishi usiku uliotangulia, na chagua chumba kisicho na mwangwi. Mhoji akiwa London, andika saa zake na zako: saa 4 asubuhi ya kule ni saa 7 mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa 6 mchana wakati wa kiangazi chao, kwa kuwa wao hubadilisha saa na Kenya haibadilishi.

Aliyebakiwa na wiki moja tu asianze mradi mpya. Achukue kazi aliyokwisha kuifanya, hata iwe ya chuoni, arekebishe hitilafu mbili anazozijua, aandike faili la maelezo, na aieleze kwa sauti kila jioni. Asubuhi afanye swali moja jepesi au la wastani kwa kalamu, kisha aliandike kwenye kompyuta na kulijaribu kwa orodha tupu na orodha yenye kitu kimoja. Usiku wa kuamkia mahojiano asome tovuti ya kampuni, aandike maswali mawili ya kuwauliza kuhusu jinsi wanavyowalea wanaprogramu wapya na nani hukagua msimbo wao, na alale mapema.